Kuvundika Maembe Bila Kabaidi: Mwongozo Kamili kwa Mkaazi wa Malindi

Embe likiangushwa limepevuka, litaiva hata ukilisahau uvunguni mwa kitanda. Kwa hivyo kazi ya anayevundika si kuliivisha embe moja. Kazi yake ni kuyafanya maembe mia yaive kwa pamoja, yawe na rangi, harufu na utamu wake, yasioze huku nusu yake bado ni mawe. Hapo ndipo mali inapopotelea, kwa mwenye mwembe mmoja nyuma ya nyumba pale mtaa wa Barani na kwa mwenye shamba Magarini. Na hapo ndipo wengine hukimbilia kabaidi, yale mawe ya mafundi wa kulehemu yanayogeuza rangi ya ganda haraka.

Mwongozo huu unaanzia mtini na kuishia mezani. Lakini kabla ya kushika upembo itabidi tupitie maabara kidogo, kwani kuna asidi amino moja ndogo mno ambayo ukishajua inavyofanya kazi, hutahitaji kukariri maagizo yangu, utayafikia mwenyewe.

Linalotokea ndani ya embe

Tunda linapojiandaa kuiva hutoa gesi iitwayo etilini. Kwa kiasi kinachotoka kwenye tunda, pua ya mtu haiinusi. Mmea huitumia kama homoni, yaani amri: wanga ugeuke sukari, ukijani wa ganda utoweke, nyama ilainike, harufu itoke. Mrusi Dimitry Neljubov ndiye aliyeonyesha mwaka 1901 kwamba gesi hii huathiri mimea, alipoona miche ya njegere katika maabara ya St Petersburg ikikua imepinda kwa sababu ya gesi ya taa iliyovuja. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba matufaha yenyewe huitoa.

Likabaki swali: tunda huitoa wapi? Jibu lilipatikana mwaka 1979 huko California. Shang Fa Yang, mzaliwa wa Taiwan, na mwenzake Douglas Adams waliweka vipande vya tufaha ndani ya naitrojeni tupu, pasipo oksijeni. Etilini ikakatika. Lakini ndani ya nyama ya tunda kitu kingine kikaanza kurundikana, na walipovirudisha vipande vile kwenye hewa, kitu hicho kikageuka etilini. Kilikuwa asidi ya 1-aminosaiklopropani-1-kaboksili. Jina hilo hata wenyewe hawalitamki kila siku; huiita ACC. Ni asidi amino yenye kaboni nne tu, tatu kati yake zimeshikana kama pembetatu. Ilishapatikana tangu 1957 kwenye matunda ya mpea na mtufaha, ila kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyejua ina kazi gani mle.

Njia nzima ni fupi. Asidi amino iitwayo methionini, ambayo wewe pia unaipata kwenye samaki, hugeuzwa kuwa kitu kiitwacho SAM. SAM hugeuzwa kuwa ACC, na ACC hugeuzwa kuwa etilini. Kila hatua ina kimeng'enya chake. Kile kinachotengeneza ACC ndicho kizito kuamka, na kikishaamka mambo huenda mbio. Kile cha mwisho, kinachoitoa gesi, hakifanyi kazi bila oksijeni. Pia kinahitaji madini ya chuma na vitamini C, lakini hivyo embe linavyo tayari. (Hatua hiyo ya mwisho hutoa pia chembe za sianidi. Usishtuke, mmea huzigeuza papo hapo kuwa kitu kisicho na madhara.)

Shika mambo matatu kutoka hapo. Jeraha huamsha kimeng'enya kinachotengeneza ACC, ndiyo maana embe lililopondeka huiva kabla ya wenzake na kuwaambukiza haraka. Pasipo hewa ACC hujaa lakini etilini haitoki. Na katika tunda lililopevuka, etilini huamrisha etilini zaidi itengenezwe. Katika tunda changa amri hiyo haipo bado, hata ulifukize vipi.

Hatua ya kwanza: kulitambua embe pevu

Wazee walishasema: mvumbika changa hula mbovu. Hakuna hatua nyingine katika mwongozo huu inayoweza kurekebisha embe lililoangushwa changa. Litanyauka, litafanya makunyanzi, litageuka rangi kidogo, na ndani litabaki chachu isiyo na harufu.

Tazama mabega, pale juu karibu na kikonyo. Embe changa mabega yake yameteremka. Kikonyo kimekaa juu kama ncha. Likipevuka mabega hujaa na kupanda mpaka kikonyo kinaonekana kimezama kwenye kijishimo. Kwa embe aina ya Ngowe, ambalo ni refu na lina mdomo uliopinda, tazama pia tumbo: huwa limejaa, halina ubapa. Ganda hupoteza ule ung'aavu wa kijani kibichi na vidoadoa vyake huonekana zaidi.

Usidanganywe na shavu jekundu la embe aina ya Apple. Wekundu ule huletwa na jua, na embe la upande wa mashariki ya mti linaweza kuwa jekundu hali ni changa kabisa, wakati lile la kivulini limepevuka na kijani chake.

Ukiwa na shaka, toa embe moja mhanga. Likate mpaka kwenye kokwa. Nyama iliyo karibu na kokwa ikiwa imeanza umanjano na kokwa lenyewe ni gumu, mti huo uko tayari. Ikiwa nyeupe tupu na kisu kinapita kokwani, subiri.

Kuna na kipimo cha ndoo. Yatie maembe kwenye maji baridi: mapevu huzama, machanga huelea. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Maji ya bahari ni mazito, huyafanya hata yaliyo machanga yaelee kama mapevu, na hapo utajidanganya mwenyewe.

Hatua ya pili: kuangua na kumaliza utomvu

Kupiga mti kwa fimbo na kuacha maembe yadondoke ni kuyaharibu kabla hujaanza. Pigo halionekani siku ile. Huonekana siku ya tatu, duara jeusi laini, na kwa yale tuliyosema kuhusu jeraha, embe hilo ndilo litakalotangulia kuiva, kisha kuoza, katikati ya mengine. Tumia upembo wenye kifuko mwishoni, au mtu apande na kuteremsha kwa kapu na kamba.

Angua umande ukishakauka, na usiache maembe juani yakisubiri bodaboda. Acha kikonyo cha sentimita mbili au tatu kwenye kila embe. Utomvu wa embe ni mkali. Ukimwagika kwenye ganda huliunguza na kuacha michirizi meusi ambayo mnunuzi huiona kabla hajauliza bei. Ukifika kivulini, kata kikonyo karibu na tunda na mara moja ligeuze kichwa chini, juu ya fito mbili au wavu wa waya, utomvu uchuruzike usiguse ganda. Nusu saa inatosha kwa mengi. Kisha osha kwa maji safi na ukaushe.

Kama una ngozi inayowashwa na utomvu, vaa glavu. Wanaoungua midomo kila msimu wa maembe huwa wanaungua kwa hili.

Hatua ya tatu: kuchambua, na maji ya moto kwa anayeuza

Panga makundi matatu: mazima, yaliyopondeka, na yenye tundu. Yaliyopondeka yaliwe kwanza au yatiwe achari. Yenye tundu dogo linalotoa tone la maji yamedungwa na inzi wa matunda. Inzi huyu tunayesumbuka naye alitua kwetu si zamani. Alionekana mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2003, hapa hapa pwani ya Kenya, akitokea Asia. Mayai yake yakishaingia ndani hakuna kuvundika kutakakosaidia. Usiyatupe chini ya mwembe, maana utakuwa unamfuga. Yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uuache juani siku kadhaa, au uyazike kina kirefu.

Anayekula nyumbani anaweza kuruka sehemu hii inayofuata. Anayeuza asiiruke. Yale madoa meusi yanayotapakaa embe linapoiva ni ugonjwa wa chule. Ukungu wake huingia kwenye ganda embe likiwa bado mtini, hulala, na huamka tunda likianza kuiva. Dawa yake isiyo na kemikali ni maji ya moto: nyuzi 52 za selsiasi kwa dakika 5, kisha maji ya kawaida kuyapoza, kisha kuyakausha vizuri.

Hapo usikisie kwa mkono. Nunua kipimajoto. Kwa hesabu ya kuanzia, lita moja ya maji yanayochemka ukiichanganya na lita mbili za maji ya bomba yaliyo na joto la nyuzi 28, unapata karibu na 52. Ila sufuria na maembe yenyewe hula joto, kwa hivyo pima, ongeza moto kidogo, koroga, pima tena. Ukizidisha nyuzi au dakika unalipika ganda. Na ujue kwamba dakika tano hizi ni za ukungu wa gandani. Funza wa inzi aliye ndani haumwi hata kidogo.

Hatua ya nne: kuvundika kwenyewe

Unahitaji chombo kinachopumua, kichochezi, na mahali pa baridi. Chombo ni pakacha, kreti ya mbao au katoni iliyotobolewa. Tandika gazeti au majani makavu ya mgomba chini, panga maembe yakiwa hayana unyevu, kikonyo kikitazama chini, safu mbili, tatu zikizidi. Ukipanga kwa kina zaidi ya hapo, ya chini hubeba uzito na katikati hufanya joto.

Kichochezi ni tunda jingine lililoiva kabisa, ambalo tayari linatoa etilini. Wengi wetu hutia ndizi, na ndizi inafanya kazi. Lakini si bingwa. Papai lililoiva hutoa gesi zaidi ya ndizi, parachichi vivyo hivyo, na pasheni iliyokunjamana ganda hutoa kuliko vyote hivyo. Kwa katoni moja ya maembe mimi ningetia pasheni mbili au tatu, au kipande cha papai pamoja na ganda lake kilichowekwa juu ya kisahani ili maji yake yasidondokee maembe. Funika kwa gunia. Gunia huzuia gesi isipotee haraka, na wakati huohuo hewa inapita.

Mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, au ndoo yenye kifuniko cha kubana, ni kosa ninaloliona kila msimu. Mtu hufikiri anaihifadhi gesi. Kumbuka vipande vya tufaha vya Yang na Adams: maembe ndani ya mfuko huo humaliza oksijeni, ACC inarundikana bila kugeuka, na hewa ya kaboni dayoksaidi waliyoitoa yenyewe inazidi kuizima amri ya etilini. Ukiufungua siku ya tatu unakutana na maji, ukungu na harufu ya tembo la nazi lililolala. Tunda limechacha badala ya kuiva.

Mahali nako kuna maneno. Embe huiva vizuri zaidi kwenye nyuzi 20 hadi 23. Malindi msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, huna hizo nyuzi. Mchana unapita 30 na usiku hauteremki sana. Joto likizidi, nyama hulainika kabla ya rangi kutimia na ladha hupata ukali usiopendeza. Kwa hiyo tafuta chumba chenye kuta nene za mawe ya matumbawe, au paa la makuti, na uweke chombo sakafuni, si juu ya kabati. Stoo ya mabati saa nane mchana ni tanuri. Ukiwa huna budi nayo, vundika humo usiku, na mchana toa vyombo chini ya mkorosho.

Kila asubuhi na jioni funua gunia kwa dakika kumi, hewa ibadilike. Baada ya siku moja hadi mbili unaweza kuondoa kichochezi ukipenda. Kilishafanya kazi yake: maembe yameshaanza kujitengenezea ACC yao wenyewe, na sasa kila moja linamchochea jirani yake.

Hatua ya tano: kukagua

Maembe mapevu yaliyochochewa vizuri huanza kuwa tosa kati ya siku ya pili na ya nne, kutegemea aina na joto. Usiyaminye kwa kidole gumba; unaacha alama itakayokuwa doa. Lishike embe kwa kiganja kizima na ulikaze taratibu karibu na mabega. Kisha linuse pale kikonyo kilipokuwa. Harufu hutangulia ulaini kwa karibu siku nzima, na kwa Ngowe ni ishara ya kweli kuliko rangi.

Kila unapokagua, toa yaliyotangulia. Moja lililoiva kupita kiasi ndani ya katoni linawaharakisha wenzake ambao hukuwa unataka waive kesho.

Wa kula nyumbani subiri mpaka liive. Wa kupeleka soko la Kongowea, Mombasa, pakia yakiwa tosa. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na embe bivu halivumilii matuta ya barabarani juu ya matatu. Tosa litamalizia kuiva mezani kwa muuzaji, na yeye ndiye anayelitaka hivyo.

Jokofu ni la mwisho. Embe bichi ukiliweka kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi, huumia: ganda hupata vishimo na rangi ya kijivu, na ukilitoa haliivi tena sawasawa. Likishaiva ndipo unaweza kulipoza siku chache.

Kwa mwenye shehena kubwa

Vyama vya wakulima na wafanyabiashara wakubwa hutumia chumba maalumu chenye etilini yenyewe. Kiwango ni sehemu 100 kwa milioni ya hewa, kwa saa 12 hadi 24, chumba kikiwa na nyuzi 20 hadi 22 na unyevu mwingi. Piga hesabu uone gesi ilivyo kidogo: chumba cha mita 3 kwa 3 kwa 2.5 kina mita za ujazo 22.5, kwa hivyo kinahitaji lita mbili na robo tu za etilini. Lakini ni gesi inayowaka. Ikifika karibu asilimia 3 ya hewa, cheche moja inatosha. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye vipimo.

Kuna pia etefoni, dawa ya maji ambayo ikipoteza uchachu wake hujivunja na kutoa etilini. Huko kwenye mashamba ya mananasi hutumiwa kuyatoa maua kwa pamoja. Ukitaka kuitumia, soma lebo na uhakikishe imesajiliwa na PCPB, bodi ya Kenya inayodhibiti dawa za kilimo, kwa tunda lako na kwa matumizi yako. Kuchovya maembe ndani ya ndoo ya etefoni kwa vipimo vya kusikia kwa jirani sikushauri.

Kabaidi

Sokoni mjini ukisimama penye meza ya maembe hukosi kusikia mazungumzo ya namna hii:

"Shikamoo mama. Haya ni ya kabaidi?"

"Marahaba mwanangu. Ya kabaidi yananukia hivi? Nusa."

Na jibu hilo la mama ni kipimo kizuri. Kalsiamu kabaidi ni yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kulehemu. Yakikutana na unyevu hutoa gesi ya asetilini, ambayo huiga etilini kwa mbali. Nguvu yake ni ndogo mno, ndiyo maana hutumika nyingi. Hubadilisha ganda kwa haraka, nayo nyama ikabaki nyuma. Unapata embe la manjano moja kwa moja, bila kivuli cha kijani popote, zuri la kupigwa picha, ukilikata ni gumu, chachu, na halina harufu. Ukinusa karibu wakati mwingine unasikia kitu kama kitunguu saumu.

Harufu hiyo si ya asetilini. Ni ya uchafu uliomo kwenye mawe: misombo ya fosforasi, na pamoja nayo arseniki. Mawe haya yametengenezwa kwa ajili ya chuma, hakuna aliyeyasafisha kwa ajili ya chakula. Anayeumia kwanza ni anayeyashika, kwa kuungua mikono, kukohoa na kuwashwa macho. Katoni za kabaidi kwenye stoo iliyofungwa, siku ya mvua, ni hatari ya moto vilevile. India imepiga marufuku kisheria kuuza matunda yaliyoivishwa nayo.

Hoja ya mabroka ni kwamba soko halisubiri. Naielewa. Lakini kabaidi haitengenezi ACC katika tunda changa. Inapaka rangi embe ambalo lilipaswa kubaki mtini wiki mbili zaidi. Anayeokoa wiki mbili kwa njia hiyo anapoteza mnunuzi wa msimu mzima.

Je, hiyo ACC yenyewe inanunuliwa?

Inanunuliwa, na huenda ukaiona mtandaoni: unga mweupe unaoyeyuka katika maji, unaouzwa kwa gramu chache kwa bei ya maabara. Usijisumbue nayo kwa maembe. Embe pevu lina yake.

Watafiti wa mimea huipenda kwa sababu kufanya kazi na gesi ni tabu. Kila kitu lazima kizibwe. Wao huichanganya ACC kwenye chakula cha miche, na mche wenyewe huigeuza kuwa etilini. Mche uliooteshwa gizani na kupewa ACC hubaki mfupi, hunenepa shina, na ncha yake hujikunja kama kulabu. Kwa kutafuta miche michache isiyojikunja, wanasayansi waliweza kuvitambua vipokezi vinavyoipokea amri ya etilini.

Unaweza kuiona ajabu hiyo jikoni kwako bila kununua chochote. Loweka pojo usiku kucha. Zigawe mara mbili juu ya vitambaa vibichi, ndani ya masufuria mawili yenye vifuniko. Katika moja weka pasheni iliyoiva, nyingine iache. Yaweke mbalimbali, funua kidogo kila siku kwa hewa na unyunyize maji. Baada ya siku tatu au nne linganisha. Pojo za sufuria tupu zitakuwa ndefu na nyembamba. Za sufuria ya pasheni zitakuwa fupi, nene, zimejikunja. Watoto wa shule hulipenda jaribio hili, nawe litakuhakikishia kwamba kichochezi unachotia kwenye pakacha kina nguvu.

Mkulima wa nyanya kando ya mto Sabaki naye anaijua ACC bila kuijua. Shamba likizama maji, majani ya nyanya huinama ndani ya siku moja au mbili ingawa maji yamejaa chini. Mizizi iliyokosa hewa hutengeneza ACC isiyoweza kugeuka. Inapanda na maji hadi majani, huko inakutana na oksijeni, inakuwa etilini, na mashikio ya majani yanainama. Dawa ni mfereji wa kutoa maji, wala usiongeze mbolea.

La kushangaza ni kwamba asidi amino hiyohiyo imo katika maabara za ubongo. Kwenye chembe za neva kuna kipokezi kiitwacho NMDA, kinachohusika na kujifunza na kukumbuka. Ili kifunguke kinahitaji kemikali iitwayo glutameti, na pia nyingine iitwayo glaisini ikae kwenye kiti chake. ACC hutoshea kwenye kiti cha glaisini, lakini haifungui mlango kikamilifu. Tangu 1990 imejaribiwa kwa panya katika utafiti wa sonona na wa kuzilinda chembe za ubongo. Na mimea ina vipokezi vilivyo ndugu wa hivyo vya neva: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ACC, bila kugeuka etilini, husaidia kuuvuta mrija wa chavua kuelekea kwenye yai la ua kupitia vipokezi hivyo. Hayo ni mambo ya maabara. Hakuna dawa ya binadamu iliyotokana nayo ya kununua dukani, wala kula embe hakukupi ACC ya kufikia ubongo.

Yapi huvundikwa, yapi hayavundikwi

Njia hii ya pakacha na kichochezi hufaa ndizi, papai, parachichi, pera, stafeli, topetope, fenesi na nyanya, mradi yameangushwa mapevu. Stafeli na topetope hazihitaji kichochezi. Zenyewe ni viwanda vya gesi, na ukizikawiza siku moja zimepasuka.

Chungwa, ndimu, nanasi, tikiti maji, komamanga na zabibu haziivi zikishachumwa. Nanasi laweza kugeuka manjano nyumbani kwako lakini utamu hauongezeki, kwa hiyo anayekuuzia bichi akisema "litaiva" anakuuzia sura.

Na usiweke pakacha la maembe karibu na mboga. Etilini hiyo hiyo hugeuza mchicha kuwa manjano, matango yakapoteza ukijani, na bamia zikachakaa kabla ya siku zake. Kwenye duka dogo, maembe yakae upande ambako upepo unatoka kwenda nje, mboga upande wa pili.